Karatasi Tatu Juu ya Ufa

Ufa wa ukuta wa kanisa niliuziba mimi mwenyewe, kwa mwiko wa marehemu mume wangu, Jumatatu moja saa nne asubuhi, na kazi ikatoka safi. Nalisema hilo kwanza, kabla sijasema lolote la mtu mwingine.

Kazi yangu pale ni usafi. Nafagia, napiga deki, nafuta vumbi kwenye mabenchi arobaini na mawili, nabadilisha maji ya maua, tena nakaa na funguo: wa mlango mkubwa, wa ofisi ya mchungaji, na wa kile kimlango cha ngazi ya kupandia roshani. Roshani ilijengwa miaka mitatu iliyopita, waumini walipozidi nafasi. Ni ya zege tupu. Kwa mbele imelala juu ya nguzo mbili, kwa nyuma mihimili yake mitatu imechomekwa ndani ya ukuta wa zamani, ukuta ambao tangu mwanzo ulijengwa kubeba mabati basi. Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Walipomwonyesha mchoro wa roshani alikuwa tayari anaumwa kifua, akautazama sana, akasema, "Hapa mmemtwika mzee gunia la zege." Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Hakuumaliza mwaka.

Ufa ulianzia pale mhimili wa kushoto unapoingia ukutani, ukashuka kimshazari hadi juu ya dirisha. Ncha ya kidole changu cha mwisho ilikuwa inaingia. Kwa nje, usawa huohuo, ndipo linapomwaga bomba la maji ya ziada la tenki jipya, na udongo wa pale haukauki hata kiangazi.

Aliyenituma kuuziba ni mzee wa kanisa ambaye sote tunamwita Mia-kwa-Mia, kwa sababu ukimuuliza habari za mguu wake uliovunjika atakujibu hivyo, na ukimuuliza habari za paa linalovuja atakujibu hivyohivyo. Siyo mtu mbaya. Ni mtu asiyependa kusumbuka wala kusumbua.

"Mama, wewe si mke wa fundi?" akaniambia. "Huu mkwaruzo utafutie dawa. Jumapili ya kuwaombea watahiniwa tuna wageni kutoka makao makuu."

"Mkwaruzo gani unaomeza kidole, mzee?"

"Ni kidole chako kilichokonda. Ukuta uko mia kwa mia."

Sasa, mume wangu hakuwa mtu wa kuziba ufa kabla ya kuuchunguza. Alikuwa anakata vipande vya karatasi, urefu wa kiganja, anavibandika kwa uji mzito wa unga, kimoja kimoja, kukatisha ufa upande hadi upande. Anaandika tarehe kwa penseli na kusubiri. Karatasi haidanganyi, ukuta ukisogea unywele mmoja itapasuka. "Ya kwanza ikikatika," alikuwa akiniambia, "labda ni jua. Ya pili, jengo linatembea. Ya tatu, watu watoke, maswali baadaye."

Haya yote nilikuwa nayajua kama ninavyoijua njia ya kisimani. Lakini mzee alikuwa amesimama pembeni yangu akimsifia marehemu, kwamba mkono kama ule hautapatikana tena, na mwiko wake ulikuwa haujaguswa tangu msiba, umefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Nikajikuta nimeufungua. Nikachekecha mchanga mara mbili, nikakoroga kwenye karai, nikaziba, nikasawazisha kwa ubao, na kesho yake nikapaka chokaa mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Mia-kwa-Mia alipitisha kiganja pale ukutani, akatabasamu. Nami, nikiri, nilitabasamu.

Ninaishi na mjukuu wangu tangu ana miaka sita. Mama yake anafanya kazi mbali, anakuja likizo. Huyu binti yuko mwaka wa mwisho kabla ya chuo kikuu, na somo analolipenda kuliko yote ni Biblia. Wengine wanaosoma sayansi humtania kwamba anasomea kuzika watu. Anataka kusoma theolojia, na siku moja asimame mimbarini. Kila alasiri akirudi anavua viatu, anakaa mezani jikoni kwenye kile kitambaa cha plastiki chenye maua, ananisogezea kadi zake.

"Haya mke mwenzangu, niulize."

Tunaitana hivyo, maana mume wangu alikuwa anasema ameoa wake wawili, mkubwa na mdogo, na mdogo ndiye anayemtii. Mimi huchambua maharage na kumuuliza. Shule niliishia ya msingi, lakini kusoma nasoma vizuri, na kadi zake zina mwandiko mkubwa. Hivyo kidogokidogo nami nimesoma somo lote. Nimewajua wafalme wabaya kwa mpangilio wao. Nimejua kwamba wataalamu wanagombana nani aliandika nini. Walipofika kwa nabii aliyeona timazi likining'inizwa ukutani, nilikwenda kwenye sanduku nikamletea timazi lenyewe la mume wetu, uzi wake na risasi yake, tukalining'iniza kwenye fremu ya mlango, tukakuta mlango wetu umepinda. Alicheka nusu saa.

Wiki moja baada ya mimi kupaka ile chokaa, akanisogezea kadi mpya.

"Ezekieli," akasema. "Hii ni ya kwangu hasa, Bibi. Mwalimu amenigawia. Ile Jumapili tutapanda roshani darasa zima, watu ishirini na sita, kila mtu atasema maneno ya nabii wake. Mimi nasimama mwisho kabisa, kushoto."

"Kushoto ukutani?"

"Palepale. Niulize basi."

Nikasoma kadi. Ilisema habari za manabii wa uongo, waliowaambia watu kuna amani na amani haipo. Watu walikuwa wakijenga ukuta mbovu, na hao manabii wakaupaka chokaa ukapendeza. Mvua ikaja, mawe ya barafu yakaja, ukuta ukaanguka na waliopaka wakaangamia humo. Chini yake mwalimu alikuwa ameweka swali: kwa nini nabii anawashukia waliopaka, wala hawashukii waliojenga?

Nilisoma swali hilo mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

"Hili ni gumu," mjukuu wangu akasema. "Vitabu vya ufafanuzi vinasema tu kwamba chokaa ni mfano wa maneno matamu. Wewe uliishi na fundi. Chokaa inafanya nini hasa kwenye ukuta mbovu?"

Nikamweleza. Sikuweza kutomweleza, alikuwa ameshika kalamu. Nikamwambia chokaa haibebi kitu. Nikamwambia ufa uliofunikwa unaendelea kufanya kazi kwa ndani, ila sasa hauonekani, na ule wa wazi ni afadhali kwa sababu hata mtoto anaupita kwa mbali. Nikamwambia plasta nzuri ndiyo mbaya, kwa sababu inashika, inakaza, inasubiri, haitoi onyo dogo dogo. Aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

"Hilo halimo kwenye kitabu chochote," akasema, macho yanang'aa. "Basi jibu nimelipata. Aliyejenga labda hakujua, alikosea hesabu. Aliyepaka alijua. Lazima aliuona ule ufa, Bibi, huwezi kuziba usichokiona. Huyo ndiye mbaya kuliko wote."

"Labda aliombwa."

"Akaombwa na nani, akose mdomo? Tumesoma wiki iliyopita: kuna dhambi ya kuwaza, ya kusema, ya kutenda, na ya kunyamaza."

"Na ya kufanya kazi vizuri," nikamuuliza, "hiyo iko kwenye kundi gani?"

Alicheka, akadhani natania. Nikainama kuokota maharage yaliyoanguka, na nilikaa kule chini ya meza muda mrefu kuliko idadi ya maharage.

Asubuhi yake nilipofika kanisani nilikwenda moja kwa moja kushoto. Ukuta ulikuwa mweupe. Lakini benchi la tatu, nililolifuta jana yake, lilikuwa na unga. Mweupe, mwepesi, kama mtu amekung'uta unga wa ngano kwa ncha ya kidole. Nikaegemeza ngazi na kupanda. Juu ya plasta yangu palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa kushonea.

Nilikoroga uji wa unga kwenye kikombe. Karatasi nilikata kutoka daftari la zamani la mjukuu wangu, nikabandika moja, nikaandika Jumatano. Siku tatu baadaye ilikuwa imekatika katikati, imenyooka kama iliyopitiwa na wembe. Kwenye nusu ya juu palisomeka neno moja la mwandiko wake, na kwenye nusu ya chini mkia wa herufi.

Nikamwita Mia-kwa-Mia. Alipanda vipandio viwili vya ngazi, akatazama kwa mbali.

"Karatasi imekauka, Mama. Hata midomo hupasuka ikikauka."

"Na unga uliopo kwenye benchi?"

"Ukuta nao unapumua. Kwani wewe hupumui?"

Nikabandika ya pili. Ilidumu siku nne. Alhamisi nikamkuta mchungaji ofisini, akiandika orodha ya wageni. Ni mtu mpole, huinuka mtu mzima anapoingia hata kama mtu mwenyewe ameshika fagio. Nilimweleza karatasi, unga na maji ya bomba. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Lakini Mama, huo ufa si ulizibwa juzi tu? Mzee ameniambia fundi amekuja, amefanya kazi nzuri sana. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ulizibwa, mchungaji."

"Huyo fundi alisema kuna hatari?"

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Mikono yangu ilikuwa na harufu ya sabuni ya deki.

"Hakusema kitu," nikajibu.

"Basi." Akanishika bega kwa upole. "Fundi anayejua kazi namna ile angekuwa ameona angesema. Tupitishe Jumapili, halafu nitaita mtu aje atazame."

Nikatoka. Kwenye korido nikasimama kando ya ndoo yangu na kuona jambo nililokuwa nimelifanya, kwamba kazi yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mzee alikuwa anaitegemea, mchungaji anaitegemea, na Jumapili watoto ishirini na sita wataikanyagia. Neno moja, "ni mimi," lingetosha, na neno hilo lingefika nyumbani kabla yangu. Akilini nilimwona mjukuu wangu na kalamu yake. Huyo ndiye mbaya kuliko wote.

Siku ile alasiri nilijaribu njia ya mkato.

"Mke mwenzangu, Jumapili usiende. Nina maumivu ya mgongo, baki nami."

"Bibi!" Akaacha kijiko. "Mimi ndiye Ezekieli. Nani atasema ya ukuta? Halafu mwalimu amesoma jibu langu mbele ya darasa. Nimewaambia ni la bibi yangu."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia bibi yangu anajua chokaa kuliko wafafanuzi wote. Nitakuchua mgongo Jumamosi, Jumapili utakuwa unaruka."

Kweli akanichua, Jumamosi asubuhi, kwa mafuta ya moto, akiyasema maneno ya nabii wake taratibu ili ayashike. Mikono yake ina nguvu. Nililala kifudifudi, sikumwambia.

Alasiri darasa lilikuja kufanya mazoezi. Nilikuwa nimebandika karatasi ya tatu tangu Ijumaa. Wakapanda ngazi, nikasikia viatu ishirini na sita mara mbili juu ya kichwa changu, vicheko, mwalimu wao mwanamke akipiga makofi ya kuwapanga. Kile kimlango cha ngazi kilikuwa kimeanza kukwama. Kijana mmoja alikisukuma kwa bega, kikalia. Fremu isiyo na kosa hailii hivyo. Mimi nilikuwa chini, benchi la tatu, na kitambaa mkononi, macho kwenye karatasi.

Aliposema nabii wa kwanza hakikutokea kitu. Wa pili, wa tatu. Kisha wote wakaitikia pamoja, wakakanyaga sakafu kwa pamoja kama walivyofundishwa, mara moja, mara mbili, na nikaiona karatasi ikiingia mkunjo mdogo pembeni. Ikakaa. Wakakanyaga tena. Ikaanza kupasuka kutoka kushoto, polepole, kama mtu anachana bahasha asitake mwenzake asikie. Niliisikia. Katika kelele zote zile niliisikia. Na unga ukashuka juu ya kitambaa changu.

"Shukeni!" nikapaza sauti. "Shukeni wote, nataka kupiga deki huko juu!"

"Bibi, tumebakiza manabii kumi!" mjukuu wangu akaita kutoka juu.

"Manabii watanisubiri. Sakafu hainisubiri. Shukeni mmoja mmoja, msikimbie."

Walishuka wakinung'unika, mjukuu wangu akiwa wa mwisho na uso umemwiva kwa aibu. Alinipita bila kunitazama. Nikafunga kimlango nikatia ufunguo mfukoni. Lakini mzee naye ana ufunguo wake, na nilijua kesho atafungua.

Jumapili nilitoka nyumbani saa moja kasoro, jua limeshachomoza, nikamwacha binti anapiga pasi joho lake jeupe. Ndani ya kikapu nilikuwa na tindo, nyundo na kanga kuukuu ya kutandika. Niliegemeza ngazi palepale. Pigo la kwanza lilidunda. Kazi yangu ilikuwa imeshika barabara, kwa kweli, plasta ngumu kama jiwe, nililazimika kuianza pembeni. Halafu kipande kikaachia, ukubwa wa sahani, kikaanguka kwenye kanga, na nyuma yake palikuwa peusi.

Palikuwa pamepanuka. Ule ufa wa kidole haukuwepo tena. Niliendelea kugonga, nikishuka kipandio kimoja kimoja, mpaka dirishani.

"Mama! Mama, una nini?" Mia-kwa-Mia alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya kahawia, mikono kichwani. "Wageni wako njiani! Umetoka na akili zako nyumbani?"

"Nimetoka nazo. Siku ile ndiyo niliziacha."

"Shuka! Jamani, mkamateni huyu bibi, amepagawa!"

Hakuna aliyenikamata. Watu walikuwa wameanza kuingia, wanakwaya, wazazi, kisha wanafunzi na majoho yao, na kila aliyeingia alifika katikati akasimama. Mchungaji akaja akikimbia, kola yake haijafungwa. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yake. Nikamwona, naye akaniona, juu ya ngazi, mweupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mchungaji," nikasema. "Uliniuliza fundi alisema nini. Fundi ni mimi. Niliuona ufa, nikajua kwamba sharti uwekewe karatasi kwanza, sikuweka. Nikauziba kwa sababu niliombwa na kwa sababu nilisifiwa. Na Alhamisi ulipouliza, nikanyamaza. Hizi hapa karatasi, zimekatika tatu."

Nilimpa. Alizigeuzageuza. Kisha akapanda ngazi, mimi nimeshashuka, akaingiza mkono katika ule ufa. Uliingia hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikaa hivyo, kichwa ameinamisha, kama daktari anayesikiliza. Sijui alisikia nini. Aliutoa mkono polepole sana, kwa namna ambayo mtu hutoa mkono karibu na nyoka, na alipogeuka uso wake haukuwa na damu.

"Tokeni nje nyote," akasema. "Taratibu. Kwa upande wa kulia. Asiguse mtu nguzo."

"Mchungaji, lakini wageni," Mia-kwa-Mia akaanza, "jengo liko mia kwa..." Hakumaliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia hajamaliza.

Ibada ikafanyika uwanjani, juani, wageni wamejifunika vipeperushi. Hapakuwa na kitu cha kuona. Kanisa lilisimama nyuma yetu kama siku zote, zuri, jeupe, na kadiri saa zilivyokwenda nikawasikia watu wanaanza kuguna. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti ya kunifikia, "Tumeunguzwa na jua kwa ajili ya ndoto za bibi mfagiaji." Mwingine akajibu, "Usimseme, ni nabii wa chokaa huyo." Wakacheka ndani ya leso. Niliketi pembeni kwenye ndoo yangu niliyoipindua.

Wanafunzi wakasimama mmoja mmoja. Zamu ya mjukuu wangu ilipofika alikuja mbele, akasimama kushoto kwa mazoea ingawa hapakuwa na ukuta wa kusimama kando yake. Alisema vizuri. Sauti yake ilikuwa ngumu kuliko nilivyoizoea, na hakutazama upande wangu. Alipofika kwenye mvua, na upepo, na swali la iko wapi ile chokaa mliyoipaka, alikamata joho lake kwa mikono miwili.

Ndipo ikasikika. Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama mtu anavuta benchi zito kwenye sakafu, mara moja, akaacha. Ndani ya kanisa ambamo hamkuwa na mtu. Watu wote wakageuka. Kupitia madirisha ya kushoto vumbi jeupe likatoka, bila haraka, likatanda juu ya nyasi. Mtoto mmoja mchanga alilia, mama yake akamziba mdomo kana kwamba kanisa linatusikia.

Mjukuu wangu alibaki amesimama. Hakumalizia maneno yaliyobaki, na hakuna aliyemwomba.

Hakuna aliyeingia siku ile. Vitabu vya nyimbo vimo mpaka leo, na miwani ya mzee mmoja, na maua niliyobadilisha maji Jumamosi. Jumatatu mchungaji na mimi tulichungulia dirishani. Roshani imeshuka upande wa kushoto kiasi cha shubiri mbili na nusu. Mhimili umetoka ukutani, umebaki kushikwa na vyuma vyake tu, vimepinda kama vidole. Ukingo wa mwisho, alipopangiwa Ezekieli, umeinama juu ya mabenchi kama unataka kusoma kitu kilichoandikwa chini. Mafundi wawili wameitwa. Wote wawili wamesimama mlangoni, wakatazama, wakasema watarudi na wenzao. Bomba limefungwa, lakini udongo bado umelowa, na mawingu yamekaa upande wa mvua tangu jana.

Mia-kwa-Mia alipita kwangu. Alisimama nje ya uzio, nikamkaribisha, hakuingia. "Mama," akasema, kisha akatazama viatu vyake, akaaga.

Nyumbani, binti hakusema nami Jumapili nzima. Jumatatu alisema shikamoo. Jumanne alasiri, yaani leo, alivua viatu, akakaa mezani, akanisogezea kadi. Mtihani ni Alhamisi.

"Niulize," akasema.

Nikamuuliza wafalme, akajibu. Nikamuuliza wataalamu wanagombania nini, akajibu. Nikafika kwenye ile kadi, nikaitazama, nikaisoma kama nilivyosoma zile nyingine: kwa nini nabii anawashukia waliopaka, wala hawashukii waliojenga?

Alikuwa anakwangua kitambaa cha plastiki kwa ukucha, pale kwenye ua jekundu.

"Nimefuta jibu langu," akasema.

"Umeandika nini?"

"Bado." Akanigeuzia daftari. Swali lilikuwa limenakiliwa vizuri, na chini yake mistari minane mitupu. "Kama litakuja Alhamisi, sijui nitaweka nini hapa. Nilidhani nimemaliza."

Nikachambua maharage. Chini ya kucha zangu chokaa haijatoka, nimesugua kwa brashi na haijatoka. Nilingoja aniite mke mwenzangu, kama anavyofanya tukimaliza. Alikusanya kadi zake, akazipiga mezani zilingane, akaenda dirishani. Kutoka pale unaliona paa la kanisa, na ukuta wa kushoto.

"Bibi," akasema bila kugeuka, "hiyo mvua ikija leo?"

Niliacha maharage, nikaenda kusimama naye dirishani. Tukasikiliza.